Uso Ambao Sikuumaliza

Kiharusi kilinikuta kanisani, misa ya asubuhi, kitabu cha nyimbo kikanidondoka. Hospitali iliponiruhusu kurudi nyumbani Matogoro, mguu ulikuwa umeanza kunitii tena. Mkono wa kulia, ule wa kushika nyundo, ulining'inia tu.

Katika banda langu la kuchongea, nyuma ya jiko, gogo la mninga lilikuwa linanisubiri. Kigango chetu, kanisa dogo la pale kijijini, kilikuwa kimeniagiza sanamu ya Bikira Maria. Shela na vidole nilikwisha kuvimaliza. Uso ulikuwa bado, umbo tu la pua na paji, kama wa mtu aliyejifunika shuka. Kila asubuhi nilikwenda kukaa pale kwenye kigoda. Harufu ya mbao ilikuwa ileile, na baridi ya mlimani ilipenya kama zamani. Kichwani kazi iliendelea. Nilimwona ameinamisha macho, mdomo unataka kusema jambo; niliuona hadi mkunjo wa kope. Nikitaka kuinua mkono, wapi.

Siku moja mke wangu aliniletea uji akanikuta nalia. Alikaza kanga kiunoni, akachukua patasi na nyundo.

"Niambie, baba. Mimi nitakuwa mkono wako."

Nikamwelekeza aanzie chini ya jicho. Akagonga taratibu.

"Hivi?"

"Laza patasi kidogo."

"Niilaze vipi?"

Miaka yote ile sikuwahi kujua nailaza vipi. Mkono ndio uliojua.

"Kama… kama unavyomenya kiazi."

Akajaribu. Patasi ikateleza, kipande kikaruka. Ncha yote ya pua ilikuwa imekwenda.

Alisimama ameshika patasi. "Nisamehe, mume wangu."

"Si wewe, mama," nikamwambia. Nilitaka kumshika bega, lakini alikuwa amesimama upande wangu wa kulia.

Baadaye katekista alikuja, akaitazama sanamu. "Pole sana, mzee," akasema, akaaga. Kigango kikanunua sanamu ya plasta, yenye vazi la buluu. Waumini wanaipenda, na mimi husali mbele yake kama wengine.

Ile yangu, mke wangu ameifunika kwa gunia ili isinitie uchungu. Sijamwambia kwamba gunia halisaidii. Asubuhi bado nakwenda kukaa bandani, na uso ule unazidi kukamilika kichwani mwangu, na sina pa kuuweka.