Kura Moja ya Mama Ntilie

Kwenye tawi letu, mjumbe hamwambii mgombea hapana. Akija nyumbani kwako kipindi cha kura za maoni unamvutia kiti, unamsikiliza mpaka mwisho, halafu unamwambia, "Kura yangu unayo." Kesho yake akija mpinzani wake unamwambia hivyohivyo. Tunaona ndiyo adabu. Mtu katoka kwake kakufuata wewe, utamrudishaje uso umemshuka? Safari hii walikuwa wanne waliotaka chama kiwasimamishe udiwani, na mimi wote wanne niliwapa kura yangu kwa mdomo, tena nikicheka.

Ujumbe wenyewe niliupata kwa sababu ya mwandiko. Niliishia kidato cha pili, ila ninachoandika kinasomeka, na vijana wenzangu hawapendi vikao. Kazi yangu iko sokoni, Kashaulili, nashika spika ya mkononi natangaza nguo za mitumba za bosi wangu. Natangaza kama niko studio. Nasoma taarifa ya habari ya masketi, natoa utabiri wa hali ya hewa wa makoti, watu wanacheka, wananunua. Ndoto yangu ni redio. Soko zima linajua.

Mmoja wa wale wanne alikuwa mama ntilie anayepika nyuma ya meza yetu. Alikuja Mpanda miaka mingi nyuma kutoka Mishamo, na gunia la maharage kwenye baiskeli, akabaki. Mama yangu alipofariki, huyu ndiye aliyeanza kuniita mwanangu, na tangu hapo sahani yangu ilikuwa na kipande cha nyama cha ziada kilichofichwa chini ya wali, wateja wengine wasije wakakiona. Alipochukua fomu nilifurahi mpaka nikatangaza kwenye spika. Alichotaka ni kidogo tu: soko lipate choo cha maana, na mitaro izibuliwe kabla ya mvua.

Mtu mmoja tu alimkatalia usoni, mzee fundi baiskeli, mjumbe mwenzangu, anayekula pale kila mchana.

"Mama, udiwani siyo ugali," alimwambia mbele ya watu, mdomo umejaa. "Huwezi kuusonga."

"Na wewe baba, hata huo ugali wenyewe humalizi. Niambie, kura yako vipi?"

"Sikupi. Kaa hapohapo utupikie."

Watu wakaangua kicheko. Mama naye alicheka, ila nilimwona anafuta meza moja mara mbili.

"Mzee yule hana adabu," aliniambia baadaye. "Bora nyie mnaojua kumpa mtu moyo."

Chama kiliwazungusha wagombea wote kwenye gari moja, wamebanana na tabasamu zao, kila mmoja dakika tano za kujieleza. Walipofika kwenye tawi letu, mimi ndiye niliyewakaribisha kwa spika. Mmoja wao, mwenye mashine za kukoboa mpunga, alinishika bega wakati anashuka.

"Kijana, sauti hii mbona ya redio kabisa? Nikipita, nina rafiki yangu huko. Tutaongea."

Basi. Hakunipa kitenge, hakunipa hata soda. Nilirudi nyumbani nikajisikiliza ninavyosalimia nchi nzima asubuhi.

Kura tulipigia darasani, shule ya msingi, kila mjumbe na dawati lake. Yule mzee aliinua mkono akasema miwani kaisahau, macho hayaoni, na anataka huyu kijana amsaidie. Msimamizi akakubali. Nikaenda, nikainama.

"Nioneshe mama ntilie yuko mstari gani," alininong'oneza.

Nikabaki namtazama.

"Unanitazama nini? Ile mitaro ya soko nani anaizibua, siyo yeye na jembe lake? Nioneshe. Na usije ukamwambia, ataniringia mpaka nikome."

Nikakishika kidole chake nikakiweka penye jina. Akachora alama ya vema, kubwa, imepinda kama spoku mbovu. Halafu nikarudi kwenye dawati langu, nikaitazama karatasi yangu, nikamwekea vema mwenye mashine.

Nilijua ninachofanya. Sitaki kusema nilipitiwa. Nilijiambia wajumbe ni wengi, wote wanakula kwake, kura zake zitatosha bila yangu. Kumbe kila mmoja mle ndani alikuwa anajiambia hivyohivyo. Msimamizi aliposoma matokeo, mama, ambaye si mjumbe, alikuwa amesimama nje, kwenye dirisha.

"Kura moja," msimamizi alisoma.

Asubuhi yake alinishika mikono yangu miwili, mikono yake inanukia vitunguu.

"Mwanangu, ile moja najua ni ya kwako. Wajumbe wote wale, wewe peke yako. Mungu akubariki."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikasema, "Asante, mama."

Kuanzia siku ile vipande vilivyofichwa chini ya wali vikawa viwili. Yule mzee akawa anawekewa ukoko na mchuzi mtupu. Alikula bila kulalamika, tena akiniona alinikonyeza, anadhani namtunzia siri yake. Sikuwa natunza siri yake. Nilikuwa nimejificha nyuma yake. Mwenye mashine alipita, akawa diwani, akaja sokoni akapungia mkono meza zote, na yangu ikiwemo. Nilimsubiri aseme neno. Akaenda zake.

Siku moja mzee alifika amechelewa, mikono imejaa grisi. Mama akamwambia wali umeisha. Sufuria liko pale, linaonekana, lina wali. Mzee akalitazama, akamtazama mama, akachukua mfuko wake wa spana akarudi kazini na njaa yake. Mimi nikaisukuma sahani yangu pembeni.

Wateja walipopungua nikamfuata mama anapooshea vyombo.

"Mama, ile kura siyo yangu."

"Kura ipi?"

"Ile moja. Ni ya fundi baiskeli. Mimi nilimwonesha mstari tu."

Mikono yake ikatulia ndani ya beseni. "Na wewe ulimpa nani?"

Nikamwambia. Nikamwambia na sababu. Maneno ya yule mtu, nilipoyarudia pale mbele yake, hayakufika hata nusu dakika.

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alifuta mikono, akapakua wali, akaweka nyama tatu juu, wazi, akafunika.

"Mpelekee."

Mzee alifunua sahani, akaziona zile nyama tatu.

"Umemwambia."

"Ndiyo, baba."

"Haya, niletee maji ninawe," akasema, na hakunikonyeza.

Kesho yake mchana nilikwenda kukaa kwenye benchi langu. Niliona aibu, ila nisingekwenda ningeona aibu zaidi. Mzee alikuwa pale, wanataniana na mama kuhusu ugali. Mama akaja mbele yangu, kitambaa begani, mpole kama alivyo mpole kwa kila anayekaa pale.

"Karibu, kaka," akasema. "Nikupe wali au ugali?"