Kiti cha Dorika Kwenye Lori

Mara ya kwanza kufanya biashara na Dorika nilishindwa. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, vita imekwisha, na mimi nazunguka na punda vijiji vya kando ya ziwa Singidani, nikitoa kaniki na sabuni, nikichukua ngozi na samli. Uani kwake niliona ngozi imewambwa juani, pana, haina tundu hata moja. Nikatoa kaniki. Akatikisa kichwa. Nikaongeza sabuni.

"Bwana Marko, hata ukileta duka zima," alisema. "Ngozi hiyo ndiyo itakayonisemea."

Ng'ombe wote wa zizi lile walikuwa wa Simoni, tajiri wa Ulemo, aliyewaweka kwa mume wa Dorika kabla mume hajafariki. Huku kwetu ukiwekewa ng'ombe, maziwa ni yako, samli yako na mbolea yako. Ng'ombe na uzao wake ni wa mwenyewe. Akifa mmoja, mtunzaji aliyemwona akifa hubeba ngozi mpaka kwa mwenyewe na kumweleza kwa kinywa chake. Hatumi mtu. Kama hukuwepo, basi itasemwa umemuuza, na aliyeuza hunyang'anywa zizi zima. Dorika hakuwa na hata mbuzi wa kwake. Bila zizi lile angelima mashamba ya watu mpaka azeeke.

Nikachukua samli badala ya ngozi. Ilikuwa safi, haina harufu ya moshi, nikawa narudi kila msimu.

Sasa huyo mama akaja kushikwa na hamu ya bahari. Kaka yake Laurenti, kibarua wa bandarini Dar es Salaam, alikuja likizo akasimulia kwamba Jumapili watu wa mjini hushuka pwani, ukipita sehemu ya Wazungu, wakakaa mchangani tangu asubuhi. Wanatafuna karanga. Wanawake wanakunja kanga na kuingia majini mpaka magotini. Dorika aliuliza jambo moja tu: "Na hakuna anayekuuliza umefuata nini?"

"Nani akuulize? Umekuja kukaa."

Hilo ndilo lililomkamata. Ziwani kwetu mtu haendi kukaa. Unanywesha ng'ombe, au unakwangua chumvi pale maji yalipokauka.

Alipanga siku ile kama watu wanavyopanga harusi. Kanga aliikunja na kuifungia chunguni isiliwe na panya. Akakausha michembe ya viazi ya kula njiani. Na juu ya mzigo akaweka kipande cha kibuyu cha kukwangulia, ili jioni, akishachoka kukaa, arudi na chumvi.

"Bahari haiachi chumvi," nilimwambia. Mimi pwani nilikuwa nimefika.

"Maji yote hayo ya chumvi, yakose kuacha hata kidogo? Labda hukutazama vizuri."

Nilikuwa napeleka ngozi Manyoni kwa lori, na toka pale ni treni. Tukapatana: yeye debe la samli, mimi kiti na tiketi.

"Na kurudi," akasema.

"Kurudi ni safari nyingine, Dorika."

"Wewe ukinunua ngozi, hununui upande wa manyoya peke yake."

Nikacheka, na nilipocheka nikawa nimeshashindwa. Zizi angebaki nalo wifi yake, Felista. Simoni hakuambiwa. Dorika alisema ng'ombe wote ni wazima, na Kijivu, mwenye mimba, hazai mpaka mwezi uandame.

Jioni ya kuamkia safari nilikwenda kuchukua debe. Nikamkuta Dorika amepiga magoti zizini, mkono umelowa mpaka kiwikoni. Kijivu alikuwa amelala ubavu, na mguu mmoja tu wa ndama umechungulia.

"Wifi, nenda," Felista alisema. "Akifa nitamchuna mwenyewe. Kuchuna najua."

"Kuchuna unajua. Simoni atakuuliza alikufaje, nawe utasema wifi yangu yuko pwani anatafuna karanga?"

"Nitasema unaumwa."

"Na mimi nikirudi hapa nina mchanga masikioni."

Felista akacheka. Dorika hakucheka. Alimtazama yule ng'ombe kama unavyomtazama mgeni aliyekaa mlangoni na hana nia ya kuondoka.

"Lori linaondoka alfajiri," nikasema. "Debe nitalichukua, halirudi. Kiti nimeshakizuia, na watu niliwakataa."

"Nani amekuomba debe? Nilinunua kiti. Kiti changu nampa Felista."

Nikajitwika debe. Dorika aliingia ndani akatoka na chungu, akamkabidhi wifi yake kanga, michembe na kile kibuyu. "Ukae," alimwambia. "Usifanye kazi yoyote. Chumvi mwisho, jua likishuka."

Kijivu hakufa. Alfajiri tulipopita na lori, Dorika alikuwa mlangoni mwa zizi, na ndama jike amesimama anatafuta chuchu. Lori lilikuwa limejaa, hakuna pa kumpachika mtu wa ziada. Hakuomba. Alituonyesha njia kwa mkono, akarudi ndani kukamua.

Felista alirudi amenenepa, kanga imechanika pindo. Kibuyu alikirudisha kikavu. "Wifi, yale maji hayatulii. Yanakuja, yanarudi. Yatakauka saa ngapi?" Alichomletea ni chupa ya maji ya bahari. Dorika aliyachemsha mpaka yakaisha, akakwangua chungu kwa kile kibuyu. Ikatoka chumvi ya kujaa kiganja.

Nilikuwepo, nimefuata samli ya msimu mpya. Alionja, akaniambia, "Unaona? Inaacha." Iliyobaki akampelekea Kijivu, naye akailamba yote mkononi mwake.

Ndama alikuwa wa Simoni. Debe niliuza vizuri, na msimu ule Dorika alinipandishia bei ya samli, nikalipa. Kanga aliishona pindo, akaikunja, akairudisha chunguni.