Sakafu ya Mdogo Wangu na Safari ya Kasese

Nilijua kwamba mume wangu anatamani kwenda Kasese, kule magharibi mwa Uganda, kwa kuambiwa na mdogo wangu. Hilo ndilo lililoniuma.

Ilikuwa siku ya soko, Busia. Mimi nauza mapazia na mashuka ya mitumba mjini Tororo, na mzigo wangu naufuata mpakani. Nikimaliza kuchagua, hupitia kwa mdogo wangu kunywa chai kabla ya kupanda gari la kurudi. Nimempita miaka sita. Mume wake anaendesha lori la mizigo kwenda Juba, mwezi mzima yuko njiani, wiki moja yuko nyumbani. Kwa kazi hiyo wamejenga nyumba ya vyumba vinne, yenye dari nyeupe na madirisha mapana, na wakati huo walikuwa wanaweka vigae sakafuni. Fundi wao alikuwa mume wangu.

Mume wangu ni fundi wa vigae. Nyumba nyingi nzuri za Tororo, na za Busia pande zote mbili za mpaka, amezipigia magoti chumba kwa chumba. Sisi wenyewe tulikuwa na sakafu ya saruji tupu, yenye ufa uliotoka mlangoni ukaenda kupotelea chini ya kabati. Wateja wakija nyumbani kuchukua mapazia walikuwa wanautazama ule ufa, halafu wananitazama mimi. Mganga hajigangi, walisema, na mimi nilicheka nao. Lakini kwa miaka mitatu nilikuwa naweka akiba katika kikundi chetu cha akina mama sokoni, na yeye alikuwa ananiongezea kila akilipwa, na moyoni nilikuwa nimeshachagua rangi. Yeye hakuwahi kusema hapana. Sasa nikikumbuka, hakuwahi kusema ndiyo pia.

Siku hiyo nilimkuta mdogo wangu peke yake. Mume wangu alikuwa amevuka upande wa Kenya kununua saruji nyeupe ya kujazia viungo. Sebule ilikuwa karibu kwisha. Vigae vilikuwa vikubwa, rangi ya chai ya maziwa, na vimelala sawasawa kama maji ndani ya beseni. Nilivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Ubaridi ulinipanda miguuni, nikasema ni pazuri, na sauti yangu mwenyewe nikaisikia imekauka.

Mdogo wangu alinimiminia chai, akasema kwa furaha kabisa, bila ubaya wowote, "Dada, nimesikia mnakwenda Kasese. Nimemwambia shemeji asiogope. Hela ya kikundi ikitoka, akuombe tu."

Nilitabasamu kama mtu anayejua. Akaendelea, maana aliamini kweli najua. Aliniambia kwamba shemeji yake alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli kule Kasese, kwamba asubuhi ukifungua mlango unaona theluji juu ya milima, kwamba aliondoka akiwa na miaka tisa na hajawahi kurudi, na kwamba akiwa peke yake anapanga vigae huwa anajaribu kukumbuka mlango wao ulitazama upande gani.

Tulikuwa na miaka kumi na tisa ya ndoa. Nilijua baba mkwe alifanya kazi ya reli. Nilijua kwamba alipokufa, mama mkwe aliwarudisha watoto kijijini kwao Mwello wakalime. Habari ya theluji sikuijua. Habari ya mlango sikuijua.

Nataka nieleweke vizuri. Sikuwaza kwamba kuna jambo kati yao. Ningewaza hivyo, ningejua la kufanya. Akina mama wa sokoni wangenifundisha hata kabla sijamaliza kueleza. Wivu wangu haukuwa na mahali pa kushika. Mtu ameketi katika sakafu ya mwingine kwa wiki tatu, ameletewa chai na mihogo saa nne, ameulizwa maneno mawili matatu, na ametoa kitu ambacho mimi sijawahi kukiona.

Nyumbani nilimngoja amalize kula. Nikamuuliza kama kuna safari ambayo mimi sijui. Hakushtuka. Alisema si safari, ni maneno tu, mdogo wangu alimuuliza alizaliwa wapi, akamjibu.

"Na mimi?" nikasema.

"Wewe hukuuliza," alisema. Hakusema kwa hasira.

Wiki zilizofuata nilikuwa mtu mbaya, na sioni sababu ya kuficha. Nilimwambia jirani yangu wa sokoni kwamba nyumba ya mdogo wangu ni kubwa lakini haina upepo. Nilianza kwenda Busia hata siku ambazo mzigo haujafika, nikisingizia kutafuta shuka za watoto, ili tu nipite pale nione kama wanaongea. Mara moja niliwakuta wanacheka. Mume wangu alikuwa amepiga magoti na ile nyundo yake ya mpira, mdogo wangu ameegemea mlango wa jikoni na ungo mkononi. Waliponiona hawakunyamaza, waliendelea kucheka, wakaniambia kilichowachekesha: kuku ameingia akakanyaga saruji mbichi, akaacha alama ya mguu wake. Nilikaa nao nikacheka kwa kuchelewa. Kama wangenyamaza, labda ningeona nafuu.

Nyumbani, nilizidisha habari za sakafu yetu. Nilileta vipande vya rangi kutoka dukani, nikavipanga juu ya ufa, nikamwita achague. Nilitaka vya bei kuliko vya Busia, na nilimwambia hivyo hivyo, kwamba viwe vizuri kupita vile. Alivitazama, akasema vyote ni sawa. Nikamwambia mtu wa kazi hiyo hawezi kusema vyote ni sawa. Akasema, "Mama, mimi vigae naviona kila siku. Wewe chagua."

Mwezi wa kumi na mbili kikundi kiligawana akiba. Nilifika nyumbani na fungu letu, tukalifunga kwenye kitambaa, nikaliweka kabatini. Yeye akasema hataki ugomvi kwa sababu ya mahali ambapo hata hapajulikani kama bado papo. Tuweke vigae. Kazi yake ni bure, kwa hiyo pesa itafika hadi chumba cha watoto. Kesho yake asubuhi alitoa kabati nje, akapiga magoti sebuleni na futi ya kupimia, akaanza kuandika vipimo kwenye ganda la sigara aliloliokota njiani, maana yeye havuti.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikapu cha soko. Nilikuwa nimeshinda. Niliuona mgongo wake, nikaona jinsi anavyosogea, goti la kulia kwanza, kisha la kushoto, vile vile kama alivyosogea kule Busia. Ndipo nilipopata wazo ambalo halikuwa zuri, lakini lilikuja limekamilika. Tukiweka vigae, nitakuwa na sakafu kama ya mdogo wangu, na yeye atakuwa na sakafu na Kasese pia. Hamu ya mume wangu itabaki kwake, ndani ya nyumba yake, ambako ilisemwa. Miaka yote, akisikia neno theluji, atakayemkumbuka ni mdogo wangu.

Nikasema, "Acha kupima. Tunakwenda Kasese."

Alinitazama akiwa bado chini. Aliuliza kwa nini. Nilimwambia nimefikiri, na kwamba sakafu haitoroki. Alifurahi, nami niliiona furaha ile ikimpanda usoni taratibu kama mtu asiyeamini. Sikumwambia sababu yangu.

Watoto tuliwapeleka Mwello kwa shangazi yao. Mwezi wa kwanza, wakati kazi za ujenzi zinalala, tulipanda basi Tororo alfajiri hadi Kampala, tukalala huko kwa binamu yake, na kesho yake tukapanda jingine la magharibi. Sikuwahi kuvuka Kampala maishani. Nilitaka kuona kila kitu na nilikuwa naona, mashamba ya chai, ng'ombe wenye pembe ndefu kama matawi, lakini kila baada ya muda nilimtazama yeye, nipime kama anaongea nami kama alivyoongea na mdogo wangu kule Busia.

Kasese ilikuwa na joto. Nyumba za reli zilikuwapo, mistari kwa mistari, na reli yenyewe imefunikwa na majani hadi mbuzi wanalishwa juu yake. Alitafuta nyumba yao kwa nusu siku. Alipoipata alisimama mbali. Ilikuwa imepakwa rangi ya bluu, na mlango ulikuwa upande mwingine kabisa na ule aliofikiria. Mama aliyeishi humo alitukaribisha ndani, akatupa maji, akasema yeye ameikuta hivyo. Mume wangu alitazama sakafu. Ilikuwa saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta, na aliweka kiganja chake chini, akakiacha hapo muda mrefu.

Milima ilikuwa imejifunika. Siku ya kwanza mawingu, ya pili mawingu, na jioni mvua ikanyesha. Asubuhi ya tatu alinivuta kutoka kitandani katika nyumba ya wageni, tukatoka nje bila viatu. Theluji ilikuwa pale juu, kidogo kuliko nilivyotegemea, kama chokaa iliyobaki kwenye ndoo.

"Mama alituambia ile ni chumvi," alisema. Alieleza kwamba mama yake alikuwa ananunua chumvi ya ziwani kutoka kwa akina mama waliopita nyumba kwa nyumba, na watoto walipouliza ile nyeupe ya mlimani ni nini, aliwaambia kwamba hiyo ni chumvi ya Mungu, haijafika zamu ya kuteremshwa. Yeye aliamini hivyo hata walipohamia Mwello. Mwalimu alipofundisha habari ya theluji, alibisha darasani, akachapwa. Na wakati huo mama yake alikuwa tayari mgonjwa, kwa hiyo hakurudi nyumbani kumwambia kwamba alichapwa kwa ajili yake.

Alikuwa analia kidogo. Na mimi, badala ya kumshika, niliuliza, "Hii ya chumvi, ulimwambia mdogo wangu?"

Alichelewa kuelewa. Alipoelewa, alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Ya chumvi sikumwambia," alisema. "Kumbe ndiyo sababu tumekuja."

Sikukataa. Nilikuwa nimefurahi, na furaha yenyewe ilikuwa ya aibu, nikainamisha kichwa ili asiione. Alitembea mbele yangu hadi kwenye chai, akanywa yake, akaniachia mezani ya kwangu iliyokwisha kumiminwa. Mawingu yalirudi kabla ya saa mbili.

Safari ya kurudi aliongea na kondakta kuliko alivyoongea na mimi. Tulipita Kampala, tukapita Jinja. Karibu na Iganga, mahali ambapo basi lilisimama watu wanunue nyama ya kuchoma, nilimuuliza mama yake alikuwa anaumwa nini. Nilimfahamu mama mkwe kwa picha moja tu. Nilitegemea atanijibu kwa mkato. Alimega nyama, akanipa nusu, akaanza kueleza, na alikuwa bado anaeleza tulipoona ule mwamba wa Tororo.

Pesa haikwisha yote, lakini iliyobaki haikutosha hata chumba kimoja. Shule zilipofunguliwa, nayo ikaenda.

Mdogo wangu alikuja mwezi wa tatu. Alishuka kwenye boda akiwa amepakata katoni mbili. Vilikuwa vigae vyake vilivyobaki. Alisema havimfai tena, akamwambia shemeji yake labda vitatosha barazani, halafu akaketi akataka kusikia habari za Kasese. Mume wangu alimwambia habari za basi, joto, mbuzi kwenye reli, na mlango uliohama. Theluji aliitaja. Mdogo wangu alipiga makofi mara moja, akasema alijua tu kwamba tutaiona, kama vile alikuwa amekwenda nasi. Nilisikiliza nikiwa nakata mboga ya sukuma, na nilingoja. Mume wangu alinitazama, akamaliza habari hapo, akaomba chai. Nilijua ameniachia ile ya chumvi, na nilijua pia ananiona.

Mdogo wangu alipoondoka, mume wangu aliniambia niamue vigae viwekwe wapi. Niliviacha nyuma ya nyumba karibu miezi miwili, mvua ikavinyeshea, katoni zikaoza. Kila nikienda kuanika nguo naviona. Nilikuwa na maneno tayari ya kumrudishia mdogo wangu, kwamba fundi hanunuliwi kwa mabaki, lakini hakuna aliyekuwa amenitukana. Mwishowe nilimwambia mume wangu aviweke jikoni, ambako wageni hawafiki. Aliviweka Jumapili moja baada ya ibada, kwa umakini ule ule. Wakati anafanya kazi nilimletea chai na mihogo, nikakaa juu ya debe, nikamuuliza alikuwa analala upande gani katika nyumba ile ya reli, yeye na ndugu zake.