Fremu ya Cheche na Futikamba Yangu

Rafiki yangu Cheche amechomelea vyuma kwa miaka thelathini na minne, na kwa miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kutengeneza kitu kinachokwenda. Mageti, madirisha, vitanda, ngazi, vizimba vya kuku, vyote ukishavifunga vinabaki palepale. Aliwahi kuniambia kwamba akipita mtaani anaziona kazi zake moja moja, nazo zinamwangalia tu. Mimi ni fundi cherehani. Kazi zangu zinaamka asubuhi na kwenda kazini, zingine zinachelewa na kufokewa. Sikumwelewa sana, lakini nilimwitikia.

Karakana yake inatazamana na duka langu. Yake ni nguzo nne, bati juu, ukuta mmoja, na sakafu iliyojaa chembe za chuma. Ukiingia na viatu vya soli nyembamba, shauri yako. Yangu ina dirisha, kioo kirefu, na feni ambayo naitunza kwa heshima tu. Yeye ananiita Pindo. Nimelivumilia jina hilo kwa sababu kabla yake aliniita Kifungo.

Nyuma ya karakana, juu ya matofali, ilikaa bodi ya gari la zamani kuliko sisi wote wawili. Aliipata imetupwa nyuma ya ghala, haina injini, sakafu imeliwa na kutu. Wengine waliona chuma chakavu. Cheche aliona gari: ataishusha karibu na ardhi, atapunguza paa, magurudumu ya mbele yatakaa nje bila kufunikwa, na injini itakuwa wazi kila mtu aione inavyohema. Aliona gari la namna hiyo kwenye gazeti nililokuwa nimefungia vitambaa, akauchana ukurasa bila kuniomba. Alisema kila kitu kinaanzia chini, kwenye fremu ya paipu za mraba. Fremu ikiwa sawa, gari lipo. Ikiwa kombo, vingine vyote ni mapambo.

Bodi ilikaa miaka mitatu bila kuguswa. Kilichomwinua Cheche ni geti la mwenye duka la dawa. Alipopewa kazi ile alikuwa na homa, hivyo nikaenda mimi kumpimia upana wa nafasi, nikamletea namba kwenye karatasi. Geti lilipofungwa likaacha mwanya wa vidole viwili, mjusi akipita bila kujikunja. Mwenye duka akasema fundi amezeeka, haoni. Neno hilo likafika hadi kwa binti yake Cheche, ambaye ni muuguzi.

Binti alikuja Jumapili. Aliongea na baba yake kwa upole, na upole wa muuguzi mimi naujua, ni ule wa kabla ya sindano. Alisema moto wa kuchomelea unakula macho, kwamba miwani aliyonunua baba yake haitoshi, kwamba ameshawalea wote na sasa apumzike. Cheche akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia, "Nitajenga fremu ya lile gari. Ikitoka sawa, usiniletee tena habari za kupumzika. Ikitoka kombo, mashine naiuza, na kiti nitakikalia kama unavyotaka."

Wakapeana mikono, mimi nikiwa shahidi. Binti alipoondoka, Cheche akanigeukia akasema kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Katika miaka yote ya kutazamana, hakuwahi kuniomba nishike hata nyundo.

Tukawa tunafanya jioni, mimi nikishafunga duka, na Jumapili mchana kutwa. Zile paipu mbili ndefu za ubavuni alizibana pamoja akazikata kwa mkato mmoja, zisije zikapishana. Nilijifunza kuupa ule moto mgongo, maana kuutazama hakufai. Nilijifunza pia kutovaa soksi za nailoni, na somo hilo nililipata kwenye kifundo cha mguu. Alipokuwa akishikiza vyuma kwa nukta ndogo za moto kabla ya kuvichomelea kabisa, nikamwambia kwetu hiyo tunaiita kupiga bandi. Alilipenda neno hilo. Siku nzima akawa anasema, "Pindo, shika hapa nipige bandi."

Kulikuwa na vyuma vitano vya kukingama kati ya zile paipu mbili, kama vipandio vya ngazi. Kila kimoja kilitakiwa kikae umbali uleule pande zote mbili. Cheche akawa anaweka alama upande wa kushoto, akaniambia niweke upande wa kulia, namba zilezile, na nichukue tepu ya chuma iliyoning'inia kwenye msumari.

Sikuichukua. Futikamba yangu ilikuwa shingoni, mahali pake pa kila siku, na nilisema moyoni: mtu nimepima viuno miaka ishirini na saba, leo nitafundishwa kupima paipu? Nikapima kwa futikamba, nikachora alama kwa chaki ya kitambaa. Aliuliza, "Umepima?" Nikajibu, "Nimepima." Basi.

Kwa kawaida, ukishashikiza fremu unapima mshazari, kutoka pembe ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Namba mbili zikilingana, fremu iko sawa. Cheche alilijua hilo kabla mimi sijajua kutunga uzi. Lakini kati yetu, kupima tena alichopima mwenzako ni kama kumwambia muongo. Neno langu lilimtosha. Akapiga bandi, na Jumapili mbili zilizofuata akachomelea moja kwa moja. Mshono wake ulikuwa umelala vizuri, hatua kwa hatua, na nilimwonea wivu wa kweli.

Binti akaja kuona. Cheche alikuwa amefagia karakana, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada. Akanipa ncha ya tepu ya chuma, tukapima mshazari wa kwanza, tukapima wa pili. Namba zilipishana kwa zaidi ya sentimita mbili. Akavua miwani, akaifuta, tukapima tena. Mara ya tatu akamwita binti asome yeye. Binti akasoma, namba ni ileile. Fremu ilikuwa imekwenda kombo kwa nyuma, na gari la fremu hiyo lingetembea ubavu.

Cheche alisema neno moja tu: "Macho." Akaizungusha tepu ikarudi ndani ya kibweta chake, akakaa.

Kukata vile vyuma na kuvirudisha mahali pake ilikuwa kazi ya siku mbili tatu. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba anajua, lakini ahadi haikuwa ya kurekebisha, ilikuwa ya kutoka sawa.

Kesho yake, Jumatatu, mteja akaniletea kitambaa cha mapazia, akasema kauziwa mita tatu. Nikakipima mbele yake, hakikufika. Nikamwambia kaibiwa, na kwa kelele, maana mwenye duka la vitambaa nilikuwa na kisa naye cha zamani. Haikupita nusu saa, mwenye duka mwenyewe akaja na fimbo yake ya chuma ya mita moja, imegongwa mhuri wa wakaguzi wa vipimo. Akailaza mezani, akailaza futikamba yangu kando yake. Fimbo iliishia, na alama yangu ya mia moja ikawa bado iko mbele kwa sentimita nzima.

Futikamba ile niliinunua miaka tisa iliyopita. Kuvutwa, jasho la shingo na joto la pasi vimeirefusha kidogo kidogo. Sikuwahi kujua, kwa sababu mwili wa mteja naupima kwa hiyo, na kitambaa nakikata kwa hiyohiyo. Uongo wa kwanza unafutwa na wa pili, shati linakaa. Shida inakuja pale tu futikamba inapokutana na tepu ya mtu mwingine. Upande wa kulia wa fremu ulipimwa kwa futikamba yangu. Na nafasi ya geti la mwenye duka la dawa pia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami kilikuwa kimenizunguka shingo.

Nilimwambia mwenye duka la vitambaa kwamba fimbo yake ndiyo fupi. Alicheka, akaenda zake.

Nilipaswa kuvuka barabara saa ileile. Ni hatua kumi na nne. Sikuvuka. Niliuona mtaa mzima ukicheka: fundi cherehani asiyejua kupima. Wangeniletea suruali za miaka tisa. Na Cheche angenipa jina jipya ambalo ningezikwa nalo. Nikasema nitamwambia kesho.

Jumanne akampigia simu binti yake, akamwambia ahadi ni ahadi. Jumatano akazigawa glovu zake kwa fundi wa mtaa wa pili. Alhamisi karakana haikufunguliwa. Shemeji, mkewe, alisema amelala. Mchana ule, Cheche, ambaye hulala mchana siku ya kuumwa tu. Nami kila nikishona, sindano ilikuwa inaniuliza.

Ijumaa akaja dukani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani. Akaniuliza kama kushona vifungo kunahitaji macho mengi. Alitaka kitu cha kufanya akishauza mashine, alisema, asije akawa anahesabu magari kibarazani. Nikampa sindano, uzi mweusi na shati la zamani. Akaulamba uzi, akausogeza, ukapita tundu mara ya kwanza. Mimi mwenyewe hujaribu mara nne. Hakuliona hilo kuwa jambo, akaendelea kushona. Mimi nililiona, na aibu niliyokuwa nayo ikageuka uchungu.

Jumamosi asubuhi nilimkuta anaifuta mashine kwa kitambaa chenye mafuta. Mnunuzi angekuja saa nne. Nikalaza futikamba yangu juu ya paipu ya fremu, nikailaza tepu ya chuma kando yake. Aliinama akaangalia. Aliangalia kwa muda mrefu, na alisoma namba zote mbili kwa sauti bila kuvaa miwani.

"Upande wa kulia," nikamwambia. "Na lile geti."

Nilitegemea atafoka. Angefoka ningepona. Akauliza tu, "Ulijua lini?"

"Jumatatu."

Akahesabu kwa vidole, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Kwa hiyo jana ulinipa sindano na unajua. Pindo, uliona bora mimi niwe kipofu kuliko wewe uchekwe."

Nikasema, "Ndiyo."

Aliniambia niende nikamwambie binti yake kwa kinywa changu. Nikaenda palepale. Nilimkuta kwenye korido ya zahanati, wagonjwa wamekaa kwenye benchi wamepanga foleni, na kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kuniita pembeni nikamweleza mbele ya wote. Mzee mmoja mwenye bandeji mguuni aliniuliza kama ni mimi niliyemshonea suti. Nikamjibu ni mimi. Binti alinitaka nirudie sehemu ya geti. Nilipomaliza, akasema, "Baba mdogo, nimemwambia baba yangu haoni." Akaziba uso kwa lile faili alilokuwa ameshika.

Mnunuzi alirudi mikono mitupu. Mtaa ulicheka kama nilivyojua, na wateja wawili watatu walikuja na fimbo zao za kupimia. Hayo yalikuwa mepesi kuliko nilivyodhani. Kilichonikalia vibaya ni karakana ya ng'ambo. Jumatatu niliisikia mashine ya kukatia ikilia, na sikuitwa. Jumanne vilevile. Nilimwona kupitia dirisha akiinua peke yake chuma tulichokuwa tunakiinua wawili, akikilaza chini, akipumua, akikiinua tena. Nilinunua futikamba mpya, nikaipima kwa fimbo ya mwenye duka la vitambaa, ambaye nilimwomba radhi na akanipa chai. Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Jumatano saa tisa alasiri Cheche akasimama mlangoni kwangu, amevaa glovu mpya. Ndani nilikuwa na wateja wawili, mama na dada yake, wanachagua bitana. Hakuwajali.

"Mwanangu ameniomba radhi," akasema. "Wewe bado."

Nikamwambia nimemweleza kila kitu, yeye, na binti, na zahanati nzima.

"Umenieleza, ndiyo. Hujaniomba."

Alikuwa amesema kweli. Katika maneno yote yale, mbele ya watu wote wale, lile moja sikuwa nimelitoa. Nilikuwa nimekiri nikadhani nimemaliza. Wale dada wawili waliacha bitana wakawa wanatuangalia. Nikasimama, nikamwambia, "Nisamehe, ndugu yangu."

Cheche akatikisa kichwa kukubali, akaangalia chini kidogo, akaangalia barabarani.

"Njoo ushike upande wa pili," akasema. "Peke yangu nimeshindwa."