Mkate wa Nyumba ya Gavana

Mama yangu alikuwa ameshaanza kupanga nguo za binti yangu kwenye sanduku lake. Sweta mbili, viatu vya shule, na gauni la maua alilomshonea kule Voi kabla hajawahi kumwona. Sanduku lilikaa wazi sebuleni kwangu, Merrylands, huku ughaibuni. Hakunificha. Wiki ya pili tangu atue alitamka wazi kwamba akirudi Kenya atarudi na mjukuu wake.

"Mtoto wa miaka sita halelewi mahali ambapo watu hawasindikizani," alisema.

Kesi yake yote ilikuwa hiyo. Kwamba mimi ni nesi wa zamu ninayelea peke yangu, hilo alilielewa. Kilichomkera ni kuona mgeni anaagwa na mlango unafungwa kabla hajafika kwenye ngazi. Kwetu mgeni husindikizwa hadi barabarani, na pale barabarani ndipo mazungumzo yenyewe huanza. Siku moja aliniuliza ni nani anayeishi ng'ambo ya ngazi, mlango unaotazamana na wangu. Nikamwambia ni mama mmoja wa Kiafghani. Anaitwa nani? Sikujua, na nilikuwa nimekaa pale miaka minne. Akanitazama weee, kisha akaenda kuongeza soksi kwenye sanduku.

Mimi ni mbishi, na ubishi nimeurithi kwake. Nikabadilishana zamu na mwenzangu, nikapata Alhamisi nzima katika likizo ya shule. Asubuhi tungekwenda Parramatta kuona nyumba ya kale ya gavana, kando ya mto. Mchana tungepanda feri na kuteremka na mto hadi bandarini, aone daraja na lile jumba la muziki lenye mapaa meupe. Nilikuwa na hakika daraja litamfunga mdomo.

Asubuhi hiyo akatoka chumbani na suti yake ya kanisani, kilemba kichwani, na mkoba uliokuwa ukimvuta bega.

"Mama, umebeba nini?"

"Mkate, sukari, na majani ya chai. Si tunaenda kwa watu?"

"Huyo gavana alikufa hata babu yako hajazaliwa! Ile siku hizi ni museum."

"Na mlango unafunguliwa na nani?"

"Kuna watu wanajitolea, ma-volunteer."

"Basi huyo wa mlangoni ndiye mwenyeji. Twende, tutachelewa."

Mlangoni tulimkuta bibi wa Kizungu, rika la mama, mwembamba, amebandika kibandiko kifuani. Alikuwa anatueleza kwa upole kwamba vyakula haviruhusiwi ndani wakati mama alipofungua mkoba na kumnyooshea mkate kwa mikono miwili. Kisha sukari. Kisha pakiti ya majani ya chai. Bibi akabaki ameduwaa, na nyuma yetu familia ya watalii ikaanza kujipanga. Nilitamani sakafu ipasuke. Nikaanza kuomba radhi kwa Kiingereza, eti mama yangu ni mgeni, hajui taratibu za huku.

Binti yangu akanikatiza. Huyu ndiye mtoto ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, mpaka nikaamini kwamba yetu yote yanaingia sikio hili na kutokea lile. Akasimama katikati ya wale bibi wawili, akaeleza kwa Kiingereza chake cha huku kwamba sisi hatuingii kwa mtu mikono mitupu. Mkate ni wa mwenye nyumba. Na mwenye nyumba naye anapaswa kupokea kwa mikono miwili.

Bibi akaweka karatasi zake chini, akapokea kwa mikono miwili. Alisema amefungua ule mlango miaka mingi na hajawahi kuletewa kitu na mgeni yeyote.

"Mtoto amesema nini?" mama akauliza.

Nikamtafsiria polepole, neno kwa neno, na pale kwenye "sisi" nikarudia mara mbili. Mama alirekebisha kilemba chake ambacho hakikuwa kimeharibika.

Tulitembezwa nyumba nzima. Mama alitaka kujua maji yaliletwa na nani, akaambiwa ni wafungwa waliosafirishwa kutoka Uingereza. Akauliza gavana aliipata wapi ardhi. Bibi akasema wenye ardhi walikuwepo, na hawakuulizwa. Mama akatikisa kichwa, akasema na kwetu ilikuwa hivyo hivyo, na kuanzia hapo wakaelewana. Zamu ya bibi ilipoisha alitupeleka kibarazani, akachemsha maji, akatutengenezea chai kwa majani yetu. Aliweka maziwa baridi juu yake. Mama aliinywa yote, na mimi ninayemjua ndiye niliyeona ushujaa ule.

Tukaaga. Nilikuwa natazama miguu ya yule bibi kuliko nilivyotazama kitu chochote siku ile. Akachukua kofia yake. Akasema feri iko mbali kidogo, atatuonyesha njia. Akatoka nasi hadi kwenye lango la bustani, akapita lango, akafuata njia ya kando ya mto pamoja nasi, binti yangu kamshika mkono, mpaka gatini. Pale gatini tukasimama tena, wakaongea tena, nami nikitafsiri, hadi feri ya kwanza ikatuacha. Hakuna feri niliyowahi kufurahi kuikosa namna ile. Ya pili ilipoondoka, bibi alikuwa bado amesimama anapunga mkono, na mimi nilikuwa nalia kwa furaha bila kujificha.

Daraja tuliliona. "Ni zuri," mama alisema, kisha akaendelea kumsema yule bibi na maziwa yake baridi.

Tulifika nyumbani jua halijazama. Mama hakukaa. Alipiga magoti mbele ya sanduku, akatoa soksi, sweta mbili, viatu vya shule, akavirudisha kimoja kimoja kwenye kabati la mtoto. Gauni la maua alilitundika mlangoni, ili livaliwe Jumapili. Nilisimama jikoni nikiwa nimeshika sufuria tupu.

Halafu akachomoa kutoka chini ya sanduku pakiti nyingine ya majani ya chai, akanipa.

"Hii ni ya yule wa ng'ambo ya ngazi," alisema. "Mpelekee sasa hivi. Na uende na mtoto, maana wewe hujui kueleza."