Lafudhi Mbili Nyumba Moja

Binti yangu ni dobi wa hospitali. Tangu amzike mwanawe mchanga alikuwa haongei mpaka aulizwe, na mimi kazi ikawa kumchungulia: amekula? amelala? Kisha kikundi cha maigizo kikampa nafasi ya mama aliyefiwa na mtoto, katika igizo la nyimbo tunalolijua sote toka utotoni. Niliogopa. Lakini akaanza kuimba ndani ya nyumba, nikashusha pumzi.

Zamani igizo lile lilikuwa la kijijini, watu wanaomboleza kisimani. Safari hii mwongozaji alilihamishia mjini, kwenye ghorofa. Waigizaji waliofanya mazoezi mchana aliwafundisha mwenyewe, kimjini. Waliokuja jioni baada ya kazi, binti yangu akiwemo, walifundishwa na mwalimu wa nyimbo. Mwalimu huyo hakuambiwa kuwa igizo limehamia mjini, akashika lafudhi na maneno yaleyale ya shamba. Siku ya mazoezi ya pamoja, ukumbi ulikuwa na harusi, mazoezi hayakufanyika.

Basi onyesho likaanza. Mume akatokea na tai, anaongea kama mtangazaji wa redio. Mke, binti yangu, akamjibu kishamba kwamba ametoka kisimani.

"Jamani, huyu mke kamuokota wapi?" akasema jamaa nyuma yangu.

"Wameoana kwa simu," mwenzake akamjibu. "Mtandao ulikuwa mbovu."

"Na kisima kimepanda ghorofa ya ngapi?"

Watu wakaangua kicheko. Nikageuka. "Baba, yule ni mwanangu."

"Tuwie radhi, mama. Hatumcheki yeye."

Sasa yeye kule jukwaani angejuaje?

Ukafika wimbo wa maziko. Alianza kishamba, akasikia kicheko, akajaribu kimjini katikati ya mstari. Kicheko kikazidi. Akauacha wimbo. Akakitazama kifurushi cha nguo alichokipakata, ndicho mtoto, akakilaza chini taratibu, mkono mmoja ukishikilia upande wa kichwa. Hilo hakufundishwa na mtu. Akaondoka jukwaani.

Mwongozaji alimfuata nyuma ya pazia, nami nikaenda. "Dada, kosa ni langu. Kesho tutarekebisha."

"Kesho mtafute mwingine."

"Mwanangu," nikamwambia, "walikuwa wanacheka lafudhi tu."

"Najua, mama. Ila mimi nilikuwa namzika."

Walimpata mwingine. Sasa wote wanaongea kimjini, na watu wanalia panapotakiwa kulia. Binti yangu hataki kusimuliwa. Mimi nilikwenda tena kimyakimya, nikakaa karibu na mlango, nikatoka kabla ya wimbo wa maziko.