Saa ya Kinshasa kwenye Gishe ya Himbi

Juzi, katika ofisi moja ya Himbi inayoandikisha watu waliopotea, gishe, dirisha la karani, ilikuwa ikifungwa saa sita kamili. Mama mmoja kutoka Kalengera akaingia akihema, akamwonyesha karani simu yake.

“Papa, sasa njo kwanza ni saa tano.”

Karani akanyoosha kidole kwa saa ya ukutani. “Simu yako inafwata Kinshasa, mama. Huku mashariki tuko saa moya mbele yao; ni saa sita.”

Hapo wazee wawili niliokaa nao benchi moja wakapata kazi.

“Inchi moya, saa moya,” mmoja akasema, akigonga benchi. “Tufwate Kinshasa.”

“Tukifwata yao, muzee, giza itatukamata saa kumi na moya,” mwenzake akajibu.

Wakabishana kwa Kifaransa cha bungeni. Benchi nzima ikaingia, na mimi nikatoa hoja zangu mbili. Hakuna aliyemuuliza mama anamtafuta nani.

Karani akavuta pazia. “Rudia kesho, mama.”

Mama akafunga picha ya mume wake ndani ya kitenge.

“Kesho ya wapi, papa?”

Sisi wataalamu wa saa tukaangalia viatu vyetu.